Nywele za Kiti cha Pili

Jioni ile nilikuwa nimebakiwa na kazi moja tu: kumwaga taka.

Taka za kinyozi ni nywele. Jumamosi zinajaa ndoo nzima, za kila aina, na mjomba wangu, mwenye duka, alikuwa na sheria moja aliyonipa siku ile ile aliyonishikisha mashine. Nywele za wateja zichomwe. Kila jioni, zote, kwenye pipa la bati nyuma ya duka, mpaka ziwe majivu. Kwa nini? Hakusema. Mjomba si mtu wa kuulizwa kwa nini.

Nami sikuzichoma. Harufu ya nywele zinazoungua inakuganda mwilini, unaingia nayo mpaka kitandani. Kwa hiyo nilikuwa nikiwasha magazeti mawili matatu ndani ya pipa, moshi unapanda, mjomba anauona kutoka barabarani anaridhika, halafu ndoo naimwaga mtaroni, nyuma ya ukuta. Mwaka mzima nilifanya hivyo. Najua mnavyoniona. Ngojeni kwanza, bado sijafika pabaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa cha mtu wa hamsini. Nywele zilianza kuondoka kwenye pembe za paji la uso, taratibu, kama mgeni anayeaga kwa adabu. Kisha utosi nao ukafuata, bila adabu yoyote. Mtu wa kazi nyingine angevaa kofia yakaisha. Lakini kinyozi? Kinyozi anasimama mchana kutwa mbele ya kioo kikubwa, taa juu ya kichwa chake, na mteja aliyekaa hana pa kutazama ila pale pale.

"Kinyozi, na wewe huwa unanyolewa na nani? Upepo?"

Nilicheka nao. Nilikuwa nacheka huku nashika wembe kwenye shingo zao, na wao hawakujua jinsi nilivyokuwa nawachukia. Mjomba ndiye aliyenipa jina la Balbu. "Balbu, sogea mlangoni kidogo, wateja wanaumia macho." Duka zima linaangua kicheko. Mjomba ana miaka sitini na nywele zimejaa kichwani, nyeusi ti, laini, zinajikunja. Nywele za ukoo wa mama. Mimi nilichukua kichwa cha baba, ambaye picha zake zote amevaa kofia.

Nilihangaika, jamani. Maji ya kitunguu. Mafuta ya nyonyo. Kitunguu saumu kilichopondwa, mpaka abiria wakanihama kwenye basi. Nikaenda kwa daktari wa ngozi, akaniinamisha kichwa akakitazama kwa dakika moja tu. "Ni ya kurithi, kijana. Kuna dawa ya kupuliza, inapunguza kasi ukiitumia kila siku bila kuacha. Au nyoa zote uishi maisha yako. Haikuui." Alikuwa na nywele nyingi ajabu, yule daktari. Nilimchukia papo hapo, lakini dawa niliinunua, na nikiishiwa nanunua tena.

Dada yangu peke yake hakunicheka. Ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, na tulikuwa tukiishi pamoja kwenye vyumba viwili, yeye na cherehani yake chumba cha mbele, mimi chumba cha nyuma. Anashona sare za shule. Yeye alikuwa na nywele zile zile za ukoo wa mama. Hakuzisuka wala kuziweka dawa, alizipunguza tu zikawa duara moja zito. Ukimshika kichwani mkono unazama. Kila Jumapili alinikalisha chini, akanisugua utosi kwa vidole vyake vyenye sugu za sindano.

"Kichwa chako kizuri, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. "Hujakizoea tu."

Sikutaka kukizoea.

Sasa, Jumamosi ile. Saa sita mchana nilikuwa namnyoa mjomba kwenye kiti cha pili. Kiti cha kwanza, kile cha karibu na mlango, ni cha wateja. Cha pili ni cha ndugu na marafiki. Wateja wawili walikuwa wakisubiri kwenye benchi. Nilikuwa nimefika kisogoni mjomba aliposema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Kuanzia mwezi ujao naleta kinyozi mwingine kiti cha kwanza. Wewe utafua taulo na kufagia. Usinichukie. Kichwa chako kinatia nuksi biashara. Mtu anaingia, anakuona, anasema huyu akinigusa na mimi nitakuwa hivi."

Wale wawili walicheka. Nilimaliza kisogo chake, nikampangusa shingo, nikampaka poda. Kisha nikavua aproni nikasema nakwenda duka la dawa, dawa yangu imekwisha. Kwa kweli niliogopa kwamba nikibaki mle ndani nitamkata mtu.

Nilizunguka mitaani mpaka hasira ikaniletea njaa. Niliporudi jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala, na mjomba alikuwa mlangoni amevaa kofia yake, tayari kuondoka. Mezani palikuwa na bakuli la chakula lililofunikwa. Dada alikuwa amepita.

"Funga duka," mjomba alisema. "Na choma."

Aliondoka. Nikafagia za kiti cha kwanza, nikajaza ndoo, nikawasha magazeti yangu, nikamwaga mtaroni. Nikarudi ndani kuchukua zilizobaki chini ya kiti cha pili.

Kulikuwa na mtu amekaa kwenye kiti cha kwanza.

Sikusikia mlango. Mlango ule unalia ukiusukuma, mtaa mzima unaujua. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, shati jeupe amelifunga vifungo mpaka kooni, kichwani kofia ya sufu. Umri wake sikuweza kuukadiria, na kukadiria umri wa watu ni nusu ya kazi yangu. Halafu harufu… Maji yaliyotuama, na juu yake poda ya mtoto.

"Tumefunga, mzee."

"Nyoa tu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Ningeweza kumfukuza. Lakini alivua kofia, na mimi nikasahau nilichotaka kusema.

Nywele! Sijawahi kuona kichwa kama kile. Zilianzia chini kabisa ya paji, zikapanda nene, zikajaa mpaka kisogoni, hapana pembe iliyorudi nyuma, hapana utosi uliokuwa wazi. Wivu ulinishika, kweli kabisa. Nikamfunga kitambaa, nikawasha mashine.

Mashine ina sauti zake. Ikipita kwenye nywele ngumu inanguruma, kwenye laini inavuma, kwenye za mtoto karibu haisikiki. Kichwa kimoja, sauti moja. Kinyozi yeyote atakwambia.

Nilianza nyuma ya sikio. Ikanguruma.

Nikasogea upana wa vidole viwili. Ikavuma.

Vidole viwili tena… kimya, kama inapita hewani.

Nilizima mashine nikatazama kitambaa begani mwake. Zilizoanguka zilikuwa za rangi tatu. Nyingine nyembamba kabisa, za mtoto. Nyingine nyeupe zenye umanjano. Na zile za kwanza zilikuwa ngumu kama waya, zimeungua ncha zikawa nyekundu.

Nazijua nywele zile. Ncha zake ziliungua kwa cheche. Mwenye nazo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mteja wangu wa kila wiki mbili, mtani wangu mkubwa, na alikuwa amezikwa mwezi mmoja uliopita. Alilala mzima, hakuamka.

"Umezitambua," yule mtu alinong'ona. Hakuwa anauliza.

Nilirudi nyuma hatua moja. "Umezitoa wapi?"

"Si ulizitupa?"

Nyuma ya ukuta maji ya mtaro yalikuwa yakitiririka. Nilitazama chini ya nywele zake, pale nilipopitisha mashine. Ngozi yake haikuwa na vinyweleo. Hata tundu moja. Ilikuwa laini tupu, imelowa kidogo.

Mtu mwingine angekimbia. Nami miguu yangu ilitaka, naapa. Lakini alikuwa akinitazama kupitia kioo, akinitazama kichwani kama wote wanavyonitazama, ila yeye hakucheka.

"Unataka?" aliuliza.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe utosini.

"Mimi sioteshi," alisema. "Nahamisha. Nipe za kichwa kimoja. Zilizokatwa leo, kabla jua halijarudi. Zitakuja kwako."

"Na mwenye nazo?"

"Atahisi baridi kidogo."

Nilimkumbuka fundi. Nitasema uongo nikisema sikumkumbuka. Nilimkumbuka akiwa ndani ya sanda, nikakumbuka pia kicheko cha wale wawili kwenye benchi, na maneno ya mjomba, utafua taulo, utafagia. Nikainama chini ya kiti cha pili. Kulikuwa na fungu dogo, nyeusi ti. Nikazisugua kwa vidole. Laini, zinajikunja. Nimemnyoa mjomba kwa miaka minne, nazijua nywele zake kuliko anavyozijua mwenyewe.

Nikajaza kiganja.

"Za nani?" alininong'oneza.

"Za mjomba wangu."

"Una hakika?"

"Mimi ni kinyozi, mzee. Chukua."

Akazitia mdomoni. Zote. Akatafuna polepole, nikazisikia zikisagika… kisha akanionyesha niiname. Akanitemea utosini. Kiganja chake kilichonisugua kilikuwa cha baridi, na kilinisugua kwa upole, hicho ndicho kitu kinachonitia kichefuchefu mpaka leo. Nilipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya mkono wa kiti. Hakikuwa na unywele hata mmoja.

Siku ya tatu utosi ulianza kuwasha. Siku ya tano palikuwa na kivuli. Siku ya tisa nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi, mkono kichwani, mkono unazama.

Wateja walipiga kelele. "Balbu! Umepaka nini?" Niliwaambia ni dawa ya kupuliza, na duka la dawa la mtaani likaishiwa dawa kwa wiki moja. Mjomba alinizunguka mara mbili. Suala la kinyozi mwingine likafa lenyewe. Msichana wa duka la simu, ambaye kwa miaka miwili alinijibu huku anatazama pembeni, alianza kunitania. Nilikuwa mtu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Mjomba alikuwa na nywele zake zote. Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti cha pili nikamnyoa, nazo zimejaa vile vile. Nilijiambia labda yule mtu amenipa bure. Mnaona mtu anavyoweza kujidanganya?

Nyumbani dada alikuwa ameanza kufunga kitambaa kichwani. Asubuhi, mchana, hata wakati wa kulala. Sikuuliza. Nilikuwa na kioo changu cha kutazama.

Asubuhi moja nilikuwa chumbani kwangu nachana nywele. Chanuo lilikwama kwenye fundo. Nikavuta kwa nguvu.

"Aii!"

Ilikuwa sauti ya dada, chumba cha mbele. Nikadhani amejichoma sindano. Nikavuta tena.

"Aii! Mungu wangu…"

Nilisimama pale na chanuo mkononi. Kichwani kwangu sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Nilishika unywele mmoja, mmoja tu, karibu na sikio. Nikaung'oa.

Cherehani ilisimama.

Nilichungulia kupitia pazia. Dada alikuwa ameacha kitambaa cha sare chini ya sindano. Mkono wake ulikuwa umeshika kichwa, karibu na sikio. Upande ule ule.

Sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja dukani, nikamkuta mjomba anapanga taulo.

"Mjomba, Jumamosi ile uliyosema utaleta kinyozi mwingine… nywele zako zilibaki chini ya kiti cha pili?"

"Zangu? Zangu nachoma mwenyewe siku zote, ukishageuza mgongo. Nikuachie wewe?"

"Zilikuwepo nywele pale. Niliziona jioni."

"Hizo ni za dada yako. Alileta chakula, hakukukuta, akasema nimpunguze kidogo." Aliacha taulo. Alinitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mjomba anaogopa. "Si ulizichoma?"

"Nilizichoma," nikasema.

Hapo ndipo pabaya nilipowaambia bado sijafika. Mnadhani nilirudi nyumbani mbio nikamwambia? Siku kumi na moja. Siku kumi na moja nilikaa kimya, nikaenda kazini, nikataniana na msichana wa duka la simu, na jioni nikala chakula alichopika dada akiwa amevaa sweta mbili kwenye joto lile. Nilichofanya ni kuchana taratibu. Hiyo ndiyo huruma niliyokuwa nayo.

Kitambaa kilimteleza siku moja akiinama kuokota uzi. Hapakuwa na kitu. Kichwa chake kilikuwa laini tupu, kimelowa kidogo. Nyusi nazo zilikuwa zimeanza kukatika. Alikivuta kitambaa haraka, akacheka kwa aibu.

"Sasa zamu yangu, mdogo wangu," alisema. "Hospitali wamenipima damu, hawaoni kitu. Nasikia baridi tu."

Nilitoka nje bila kuaga, nikaenda dukani.

Jioni ile ile yule mtu alirudi. Nilikuwa peke yangu, nimeshafunga mlango kwa komeo. Harufu ilitangulia, na nilipogeuka alikuwa kwenye kiti cha kwanza, mikono magotini. Alikuwa amepata nyusi. Mara ya kwanza hakuwa nazo, sasa ndipo nilipolikumbuka hilo.

"Zirudishe," nilimwambia. "Ulinidanganya. Si za mjomba."

"Nilikuuliza. Ukasema wewe ni kinyozi."

Nilichukua wembe. Nilikuwa na nia kabisa, nilitaka kumfungua ile shingo iliyofungwa vifungo. Hakusogea. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyenuna.

"Zinarudije?" Niliushusha wembe. "Niambie zinarudije, utachukua unachotaka."

"Mwenye nazo azinyoe," alinong'ona. "Kwa mkono wake. Akijua anachonyoa."

Nilirudi nyumbani na mashine ndani ya mfuko. Dada alikuwa amekaa kitandani, miguu chini ya blanketi. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mtaro, fundi wa kuchomelea, fungu la nywele, siku kumi na moja. Sikuacha kitu. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Alivuta blanketi mpaka kifuani. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulipompa… ulijua yatamfika nani?"

"Nilidhani ni za mjomba."

"Kwa hiyo ulitaka kumuua mjomba."

"Alinidhalilisha, dada. Mbele ya watu…"

"Kwa ajili ya nywele."

Aliiwasha mashine, akanishika kisogo kwa mkono wa baridi, akaanza. Mashine ile ilikuwa ya zamani na ilikuwa inavuta. Kila ilipovuta alikaza meno, nikayasikia yakisagana juu ya kichwa changu. Nilimwomba apumzike. Aliendelea. Alininyoa mpaka chini kabisa, akanipangusa shingo kwa kona ya blanketi kama alivyokuwa akinipangusa nilipokuwa mdogo, akazikusanya nywele zote kwenye sufuria akazichoma jikoni, mpaka zikawa majivu.

Usiku ule nilishika kichwa changu kitupu nikashukuru. Nilikuwa tayari kuwa Balbu mpaka kufa.

Asubuhi mkono ulizama.

Zilikuwa zimerudi zote. Nene, nyeusi ti. Mpaka leo sijui kama yule mtu alinidanganya tena, au kama dada alininyoa bila kunisamehe na hilo ndilo lililoharibu. Nilikimbilia chumba cha mbele. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nguo zake hazikuwepo.

Alikwenda kwa shangazi, mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Nilipiga simu, akapokea shangazi. "Yupo. Hataki kukusikia. Usipige tena." Nikapiga tena, na tena, akaacha kupokea. Nilitaka kupanda basi. Nilifika kituoni mara mbili, nikasimama kwenye foleni ya tiketi na kofia yangu kichwani, nikaiwaza sura ya shangazi akifungua mlango na kuniona na nywele za mtoto wa kaka yake zimejaa kichwani kwangu… nikarudi nyumbani.

Lakini nilikuwa na habari zake. Hilo nililigundua mwenyewe. Kila Jumamosi jioni nilinyoa kichwa chote, kwa wembe mpya na mafuta mengi, polepole ili zisivutike. Na kila Jumapili asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilipeleka mkono kichwani. Zipo. Zimeota zote. Basi yu hai, anapumua, ana nguvu ya kuotesha. Nikaanza kuzipenda kwa namna nyingine. Nilizipaka mafuta aliyoyapenda. Msichana wa duka la simu aliniuliza kwa nini sicheki siku hizi. Nilimfukuza dukani mbele ya watu.

Miezi minne ilipita hivyo.

Jumapili iliyopita nilipeleka mkono.

Laini.

Nililala pale pale, nikajiambia ni mapema, zitakuja mchana. Mchana hazikuja. Jumatatu nilikwenda kazini, mjomba akanitazama kichwani, akageukia taulo zake. Jumanne nilisugua utosi kwa taulo mpaka damu ikatoka, nikitafuta hata nukta moja nyeusi, hata moja. Zilizokuwa zangu pembeni, zile chache nilizozaliwa nazo, nazo hazikuota.

Jana jioni nilipiga simu ya shangazi. Iliita mara nyingi. Nilikuwa karibu kukata ilipopokelewa.

Kwanza nilisikia watu, watu wengi, wamejaa ndani ya nyumba na wanaongea kwa sauti ya chini. Viti vilikuwa vikiburutwa. Mtu aliuliza maji yamewekwa wapi.

"Ni wewe?" shangazi akauliza.

Nikakata simu.